Vinyonga wa Udongo Waliokamatwa Mikese

Najua mmeshaisikia hadithi ya Mikese. Mmeisikia kwenye harusi, mmeisikia kwenye malori ya kabichi, na juzi mjukuu wangu kanionyesha kwenye simu kijana mmoja nisiyemjua hata kwa sura, anaisimulia huku ameshika mbavu. Eti bibi mmoja wa Mgeta alifinyanga vinyonga, wakafanana na wa kweli mpaka akakamatwa kwenye kizuizi cha barabarani pale Mikese kama jangili. Watu wanacheka mpaka machozi. Wengine wananifuata nyumbani kunipongeza: "Bibi, si sifa hiyo? Kazi yako imemdanganya mtu mwenye sare!"

Nyamazeni kidogo, ninyi mnaotaka kushika udongo, mnisikilize mimi niliyekuwepo. Sikusifiwa siku ile. Niliitwa mwongo mbele ya watu, nikavunjiwa kazi ambayo mikono yangu haiwezi kuirudia, halafu nikaambiwa nicheke. Sijacheka mpaka leo. Na anayesimulia kwenye simu anaanzia kizuizini, kana kwamba wale vinyonga waliota wenyewe ndani ya tenga. Mimi nitaanzia kwa mama mkubwa Felista.

Mama mkubwa Felista ndiye aliyenilea, na alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Udongo tuliutoa bondeni kando ya kijito, tukaupandisha kichwani. Mnazijua njia zetu za Mgeta: mtu aliye mbele yako, visigino vyake viko usawa wa pua yako. Ukifika juu huna hamu ya kufinyanga chochote, unataka kulala. Mama mkubwa alikuwa hataki kusikia habari za kulala. Tulichambua mawe na mizizi, tukatwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, tukachekecha ule unga wake na kuuchanganya na udongo ili usipasuke motoni. Mpaka leo sijaona dawa inayoshinda vigae vya kutwanga. Wanaowauzia unga wa mfuko wenye maandishi ya kigeni wanawauzia vumbi tu.

Nilipokuwa msichana wa kuanza kufunga khanga mwenyewe, nilichukua udongo uliobaki nikafinyanga kinyonga. Mama mkubwa alipokiona alirudi nyuma hatua tatu. Mnajua wazee wetu walivyomwogopa kinyonga. Wengine hata jina lake hawalitaji asubuhi.

"Toa hicho kitu kwenye vyungu vyangu!" alifoka. "Unataka vipasuke vyote?"

Vyungu viwili vikapasuka kweli wiki ile, kwa upepo. Nikalaumiwa mimi na kinyonga wangu. Lakini baada ya siku kadhaa nilimkuta anakichungulia kwa mbali, mikono nyuma.

"Halafu wala siyo kinyonga," akasema. "Huyo ni mjusi aliyevaa miwani. Kama unataka kuniletea balaa nyumbani, niletee balaa lililokamilika."

Hiyo ndiyo shule niliyosoma, hakuna nyingine. Nikaanza kwenda kuwatazama. Kule juu, msitu unapoanza, kuna kinyonga dume mwenye pembe tatu puani, na jike lake lenye tumbo. Nilikuwa naketi chini ya mti tangu ukungu unapoondoka mpaka jua linapochoma, namtazama mmoja tu. Watu waliopita na mizigo yao ya karoti walidhani nimerogwa. Nikajifunza kwamba kope yake ni kama koni moja iliyofunika jicho lote, katikati pana tundu dogo tu la mboni. Mguu wa mbele una vidole viwili upande wa nje na vitatu upande wa ndani, na mguu wa nyuma ni kinyume chake. Ngozi yake ina punje, na punje hazilingani. Kubwa zimetawanyika kati ya ndogo kama mahindi yaliyomwagika kwenye ulezi. Hayo yote nilikuwa nimeyakosea. Kinyonga wangu wa kwanza alikuwa na vidole vitano vilivyonyooka kama vya mtu anayeomba lifti.

Ninyi leo mnapiga picha kwa simu, mnarudi kivulini kufinyanga picha. Picha haina chini! Kinyonga ana chini ya kidevu, ana kwapa, ana mahali ambapo tumbo linagusa tawi na kubonyea. Nikiona sanamu ya kijana siku hizi, naigeuza kwanza. Ikiwa chini ni bapa kama sabuni, najua huyu alifinyanga simu yake.

Nami nilikosea mengi, msidhani nawaringia. Niliwahi kufinyanga kinyonga mnene, tumbo limejaa udongo mtupu, nikamweka motoni pamoja na vyungu vya mama mkubwa. Akalipuka. Vyungu vitatu vikaenda naye. Mwezi mzima nilichota maji ya nyumba nzima peke yangu, na kila nikishusha ndoo mama mkubwa alikuwa ananiuliza, "Vipi, balaa lako limekamilika sasa?" Ndipo nilipojifunza kutoboa chini na kukomba ndani kwa kidole gumba, taratibu, mpaka unene uwe sawa kila mahali. Mkia nao unakauka kabla ya mwili na kukatika, kwa hiyo ufungeni kwa kitambaa kibichi na jani la mgomba, muuache mwili uutangulie. Kule kwetu kwenye ukungu kazi moja inaweza kukaa wiki tatu haijakauka. Mtu mwenye haraka akafinyange mandazi.

Niliolewa nikahamia Turiani, na kule nikajenga tanuri la matofali nikalichochea kwa pumba za mpunga, ambazo zinaungua polepole na moto wake hauna hasira. Moshi wa pumba ukiubana vizuri unaacha rangi ya kijivu na kahawia kwenye udongo, na ukipaka kwanza udongo mwekundu na mweupe, kinyonga anatoka na madoa kama aliyeamka sasa hivi. Wenye maduka ya zawadi mjini hawakuitaka rangi hiyo. Walitaka ing'ae. Mmoja alinunua vyura wangu watatu akawapaka vanishi, wakawaka kama viatu vya bwana harusi. Mwingine alinishauri niachane na vinyonga nifinyange simba. Simba? Mimi? Nimezaliwa Mgeta, simba ninayemfahamu yuko kwenye kalenda!

Mume wangu alipofariki nilirudi Mgeta. Mikono ilikuwa imeanza kutetemeka. Siyo sana, lakini mfinyanzi anajua. Nikasema, kabla haijaniacha kabisa, nitafanya kazi moja ya mwisho kwa namna ninayotaka, mwenye duka asiseme neno. Nikaamua kufinyanga vinyonga kumi na wawili, kila mmoja kwenye tawi lake la udongo: mmoja anabambua ngozi, mmoja amelala amejikunja mkia, mmoja amefungua mdomo kumtisha mwenzake. Nilichukua mwaka mzima na zaidi. Nilikuwa nafanya kazi asubuhi tu, mikono inapokuwa imetulia, na siku zingine niliamka nikaitazama, nikajua leo hapana, nikaenda kupalilia.

Wa kumi na mbili alikuwa jike mwenye mimba. Kulikuwa na jike kweli kwenye mti wa pichi nyuma ya jikoni kwangu. Kinyonga huyu wa milimani hatagi, anazaa. Nilimtazama akivimba wiki hadi wiki, ngozi ya ubavuni ikivutika mpaka punje zikaachana na ngozi laini ikaonekana katikati. Anatembea kama mwanamke anayeshuka mteremko na mtoto tumboni, mguu mmoja unapima kabla wa pili haujaondoka. Huo upimaji ndio nilioufinyanga. Mguu mmoja wa mbele uko hewani, haujagusa tawi. Niliuvunja mara nne na kuufinyanga mara tano. Alipotoka kwenye tanuri mzima, nilimweka mezani nikaketi mbele yake, nikalia. Mama mkubwa alikuwa ameshatangulia mbele ya haki miaka mingi, lakini nilijua angesimama mbali, mikono nyuma, akanyamaza.

Basi wenye ukumbi mmoja wa maonyesho wakaniita Dar es Salaam nikazionyeshe sanamu hizo. Aliyenipeleka ni Dito, dereva wa lori la mboga, mtoto wa jirani yangu. Tulipanga sanamu kwenye matenga sita, mbili mbili, tukazifunga kwa majani makavu ya mgomba, tukayaweka nyuma ya kiti chake mbali na kabichi. Tulipita Morogoro mjini asubuhi, na karibu na Mikese tukasimamishwa kizuizini. Walikuwa wanakagua mazao ya misitu. Ofisi gani, sitaitaja, wenyewe wanajijua.

Kijana mwenye sare akachungulia kwenye kibanda cha lori. "Shikamoo mama. Hayo matenga yana nini?"

"Marahaba. Sanamu za udongo. Vinyonga."

Akavuta majani kwa ncha ya rungu. Yule anayetisha, aliyefungua mdomo, akamtazama. Kijana akaruka nyuma akagonga kichwa kwenye mlango.

"Mama! Hawa umewaua lini?"

"Hawajawahi kuishi, afande. Ni udongo."

"Usinifundishe kazi. Umewakausha, ukawapaka rangi. Tunajua wanavyosafirishwa." Akawaita wenzake wawili. Matenga yakashushwa, nikaamriwa nizitoe sanamu zote nizipange juani kwenye ukingo wa baraza lao. Wauza mahindi ya kuchoma na machungwa wakasogea. Dito akajaribu kunitetea: "Kaka, huyu ni mama yetu, ni mfinyanzi, kila mtu Mgeta anamjua." Akaambiwa anyamaze asije akawa wa pili.

Nikasema, "Afande, mshike mmoja. Mgonge kwa ukucha, utasikia analia kama kikombe."

Hakutaka kuwashika. Niliona jasho limemtoka juu ya mdomo. Mtu mzima, bunduki begani, anaogopa kinyonga kama mama mkubwa Felista! Lakini mama mkubwa alikuwa nyumbani kwake, hakuwa amenikamata mimi.

"Kama ni kazi yako, jina lako liko wapi?" akauliza.

Jina halikuwepo. Mama mkubwa hakuwahi kuandika jina kwenye chungu. Wanawake wa sokoni walivitambua vyungu vyake kwa jinsi alivyokunja mdomo wa chungu, hiyo ikatosha. Mimi nami nikaendelea hivyo hivyo, miaka yote ile, sijawahi kuandika jina mahali popote.

"Unaona?" akawaambia wenzake. "Bibi mzima, mikono inatetemeka hivyo, atafinyanga hivi? Muulizeni nani aliyempa mzigo huu."

Nikaitazama mikono yangu. Ilikuwa inatetemeka kweli, lakini siku ile ilikuwa ni hasira.

"Mikono hii hii," nikasema. Naye akanyoosha rungu amgeuze yule wa mwisho, jike mwenye mimba, ili amwone chini bila kumshika. Nilipiga kelele. Rungu likamsukuma, akabingirika kwenye ukingo, akaanguka kwenye saruji.

Hakuna sauti inayofanana na ile. Nimesikia vyungu vikivunjika maisha yangu yote, na ile sijawahi kuisikia.

Alipasuka tumboni. Ndani kulionekana kwekundu, kutupu, na alama za kidole gumba changu zimepangana mstari kwa mstari kama mtu aliyelima shamba dogo. Kijana akainama. Akatazama alama zile, akanitazama mimi, kisha akaachia pumzi.

"Kumbe udongo kweli!"

Akacheka. Wenzake wakacheka. Wauza machungwa wakacheka. Dito naye, Mungu amsamehe, akacheka kidogo kwa kuwa hofu ilikuwa imemtoka. "Bibi wewe ni mchawi!" kijana akasema akinipiga piga bega. "Umetuweza! Haya, pakia mzigo wako uende zako, tumemaliza."

Hapo ndipo yule wa kwenye simu anapoishia, watu wanapiga makofi. Mimi sikuishia hapo. Niliokota vipande vyote mpaka kile kimguu kilichokuwa hewani, nikavifunga kwenye khanga, nikaketi kwenye ngazi ya baraza lao.

"Mama, twende," Dito akasema.

"Nenda. Mimi nimefika."

"Mama, kabichi zinanyauka."

"Hata mimi nimenyauka. Nimesema nenda."

Hakwenda. Alilisogeza lori kivulini, akakaa karibu nami, na nikamsamehe kile kicheko. Kijana mwenye sare alikuja mara tatu. Mara ya kwanza alinisihi, mara ya pili alinitisha, mara ya tatu aliniletea soda. Nikamwambia soda akamnyweshe aliyevunjika. Mwishowe wakamwita mkuu wao, mama wa makamo aliyetoka mjini kwa gari. Akaniamkia, akachuchumaa tukawa usawa mmoja. Hilo nililiona.

"Mama, nimesikia. Pole sana. Lakini huyu kijana alikuwa anafanya kazi yake."

"Na mimi nilikuwa nafanya nini?" nikamuuliza. "Mwaka mzima na zaidi, nilikuwa nacheza?"

Nikafungua khanga nikamwonyesha ndani ya tumbo. Akachukua kipande, akaweka kidole gumba chake juu ya alama moja ya kidole changu.

"Unataka nini, mama?"

"Andika. Andika kwamba hii ni sanamu ya udongo, niliyoifanya mimi, na kwamba mtu wenu ameivunja kwa rungu baada ya kuambiwa ukweli. Weka na muhuri."

Aliandika. Hakupunguza neno. Karatasi ile ninayo, na ndiyo ya kwanza maishani mwangu iliyosema kwa maandishi kwamba nimefinyanga kitu. Fikirini hilo! Mwanamke amefanya kazi tangu usichana, akaupata ushahidi wake kizuizini siku aliyoitwa jangili. Halafu mnaniuliza kwa nini sicheki.

Mkuu akadhani tumemaliza. Nikamwambia bado, naomba msumari. Msumari wa zege, ule mgumu. Dito akautoa kwenye sanduku lake la vyuma.

Udongo uliochomwa hauandikiki kirahisi, unakwangua kidogo kidogo la sivyo unapasuka, na mimi mkono mmoja haukutosha kushika sanamu na mwingine kukwangua. Nilihitaji mtu wa kuzishika zikiwa zimepinduliwa. Dito akanyoosha mikono.

"Siyo wewe," nikasema. "Yule."

Kijana akamtazama mkuu wake. Mkuu wake akatazama barabarani.

Akaja, akaketi ngazi ya chini yangu, akaweka rungu pembeni. Nilimpa kwanza yule kinyonga anayetisha. Alimpokea kwa vidole viwili vya kila mkono, uso ameugeuza kama anayechomwa sindano.

"Shika vizuri. Viganja vyote. Ukiangusha na huyu nitahamia hapa."

Nikakwangua. Vumbi jekundu likamwangukia kwenye suruali ya sare, hakulipangusa. Sanamu ya kwanza ilituchukua muda mrefu. Ya tatu alikuwa ameacha kugeuza uso. Ya sita nikamwona anachungulia vidole vya miguu, anavihesabu kimya kimya, anarudia kuhesabu. Nami sikumsaidia.

Ya kumi na moja nilipoimaliza jua lilikuwa limepita utosi, na wauza mahindi walikuwa wameacha biashara yao wametuzunguka. Sikuirudisha kwenye tenga mara moja. Niliigeuza upande wake, yeye na watu wake waone.

"Uliniuliza jina," nikamwambia. "Soma."

Akasoma kwa kunong'ona.

"Kwa sauti. Ulipokuwa unaniita mwongo hukunong'ona."

Akasimama, akaishika sanamu kwa viganja vyote viwili, akawageukia watu.

"Skolastika Pius," akasema. "Mgeta."

"Bado kumi," nikamwambia.

Akazisoma zote.